Nilikwenda na kamera, masikio nikayasahau

Ukiwasha video ya siku zangu za kwanza studio, utamwona mpiga dramu akiinua mikono, fimbo zikigongana, midomo yake ikihesabu moja, mbili, tatu, nne. Picha imetulia, mwanga mzuri. Kisha bendi inaingia, na kinachotoka kwenye spika ni kama bati linaloburuzwa kwenye lami. Gitaa halipo, besi halipo, maneno hayapo. Siku tatu nzima ziko hivyo. Sikugundua mpaka usiku wa siku ya tatu, kwa sababu muda wote huo sikuwa nimevaa hedifoni hata dakika moja. Nilikuwa natazama tu.

Naandika haya kwa yeyote anayetaka kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu bendi inayorekodi albamu, hasa bendi ya panki, ambako kila kitu kinapigwa kwa nguvu na kwa haraka. Mimi ilinichukua miezi 14, akiba yangu yote, na karibu inigharimu urafiki wa mtu ninayempenda.

Bendi ilikuwa ya watu wanne: mwimbaji, gitaa, besi, na dramu, na mpiga dramu ni mwanamke aliyesoma na mimi. Nyimbo zilikuwa 11, na iliyo ndefu kuliko zote ilikuwa dakika tatu na sekunde chache. Studio ilikodiwa kwa siku tisa. Kichwani mwangu nilikuwa nimebeba habari ya Ramones, bendi ya panki ya Marekani, ambao Februari 1976 walirekodi albamu yao ya kwanza jijini New York kwa muda wa kama wiki moja, kwa gharama ya dola 6,400 hivi, nyimbo 14 zikatosha ndani ya nusu saa. Nikapiga hesabu zangu: siku tisa za kupiga picha, miezi mitatu ya kuhariri, basi. Nilichosahau ni kwamba Ramones walikuwa wamezipiga nyimbo zao jukwaani hadi zimewaingia kwenye mifupa. Hawa wangu walikuja na nyimbo tatu zisizo na mwisho, na moja isiyo na maneno.

Kwanza ile habari ya bati. Kamera nyingi zikitoka dukani zinajipangia zenyewe kiwango cha sauti. Chumba kikiwa kimya zinaipandisha, kelele ikija zinaibana. Mbele ya mtu anayeongea hilo halina neno. Mbele ya dramu inayopigwa kwa hasira, maiki ndogo ya kamera inazidiwa, na sauti ikishapasuka haishoneki tena. Zima kujipanga huko. Weka kiwango kwa mkono, chini kuliko unavyodhani, wakati mpiga dramu anapiga kwa nguvu zake zote na si wakati anajaribu kistaarabu. Tumia kinasa sauti cha pembeni, na hedifoni zisikutoke kichwani.

Siku ya kwanza yenyewe hakuna wimbo uliorekodiwa. Fundi mitambo, mzee mmoja mpole mwenye tabia ya kufumba macho akisikiliza, alitumia asubuhi nzima kwenye dramu peke yake. Maiki moja juu ya ngozi ya snea, ile dramu ndogo yenye mlio mkali, nyingine chini yake, moja ndani ya dramu kubwa ya mguu, mbili juu kabisa. Kwa dakika arobaini yule dada alikuwa anapiga snea tu. Pa. Pa. Pa. Mzee anakuja, anazungusha skrubu robo mzunguko, anarudi chumba cha mitambo. Pa. Pa. Nikazima kamera kuokoa memori kadi, nikaenda kupiga picha za jaketi zenye vishikizo, viatu, na maandishi kwenye mwili wa gitaa. Nina saa mbili za viatu. Za snea nina sekunde 19, na hizo sekunde 19 zimo kwenye filamu, kwa sababu ndizo pekee zinazomwonyesha mtazamaji albamu inavyotengenezwa. Vile viatu vimekufa kwenye diski.

Kurekodi albamu kwa sehemu kubwa ni kungoja. Watu wanapiga dakika mbili, kisha wanakaa dakika kumi na tano wakisikiliza walichopiga. Mimi, kama mjinga, nilikuwa napiga picha zile dakika mbili na kuzitumia zile kumi na tano kubadilisha betri. Baadaye mezani, nikihariri, ndipo nilipoona kwamba nyuso za watu wanaojisikiliza ndizo filamu yenyewe. Mpiga gitaa anayejua amekosea na anaomba Mungu wenzake wasisikie. Mwimbaji anayechukia sauti yake. Mpiga besi anayetingisha kichwa kwa furaha kumbe anausikiliza mstari wake tu. Wakipiga, nyuso zao zote zinafanana. Wakisikiliza, kila mmoja yuko uchi. Betri badilisha wakati wanapiga, kama ni lazima ubadilishe.

Siku ya pili nikawaharibia kazi kwa mara ya kwanza. Nilikuja na taa zangu mbili za LED, nikazipunguza mwanga ili chumba kiwe na kiza cha kipanki. Mpiga gitaa akachomeka, mzee akainua kichwa. "Kuna nyuki humu ndani." Wakatafuta. Wakabadilisha kebo, wakabadilisha amplifaya, wakazima feni. Nusu saa ikapita, na studio inalipiwa kwa saa. Mwishowe mzee akatoka, akasimama katikati ya chumba, akanigeukia.

"Binti, hebu zima taa zako."

Nikazima. Nyuki wakaondoka.

Aina fulani za pikapu za gitaa, ile sumaku iliyo chini ya nyuzi, zinadaka kelele za umeme kama redio inavyodaka mawimbi, na kifaa cha kupunguzia mwanga wa taa ni kiwanda cha kelele hizo. Simu nayo ikiwa karibu na amplifaya ina mlio wake. Kama lazima uwe na taa zako, ziwashe zote siku moja kabla, gitaa likiwa limechomekwa, mtu asikilize. Angalia pia mwanga wa studio yenyewe: panapotumika umeme wa hezi 50, shata, yaani muda kamera inaoruhusu mwanga kuingia, ikiwa 1/50 ya sekunde inakuondolea ile picha inayopepesa, na panapotumika hezi 60 unaweka 1/60. Mimi nina wimbo mzima wenye picha inayopepesa. Tulisema kwamba ni mtindo.

Mara ya pili ilikuwa mbaya zaidi. Wamerudia wimbo mara sita, teki ya saba, yaani marudio ya saba, ikatoka vizuri mpaka nikaona mzee anatabasamu, na kwenye mlio wa mwisho, pale gitaa linapofifia polepole kuelekea ukimya, kamera yangu ikalia pii kuniarifu kadi imejaa. Hakuna aliyesema neno. Mpiga besi alivua besi, akatoka nje, akakaa huko kama dakika kumi. Kwa hiyo: zima milio yote ya kamera, zima simu, vaa viatu laini, chagua mahali pako kabla taa nyekundu haijawaka, na ikiwaka usisogee hata kama pua inakuwasha. Kama kamera yako ina feni, isikilize. Kuna kamera zinazopumua kama mtu mwenye mafua.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mzee akanikabidhi kebo na kunifundisha kuzikunja, mzunguko mmoja kwa juu, unaofuata kwa chini, zisijinyonge. Nilikunja kebo kila jioni mpaka siku ya tisa. Asubuhi ya siku ya nne ndipo nilipomweleza kuhusu sauti yangu iliyopasuka. Hakunicheka. Akaniuliza kwa nini sikumwomba waya kutoka kwenye mitambo yake tangu mwanzo, kwani sauti yote si inapita pale?

Hilo ni swali la kuuliza kabla hujaweka mguu studio. Omba upewe mkondo wa sauti kutoka kwenye mitambo uingie kwenye kinasa chako. Uliza wanarekodi kwa kilohezi ngapi, yaani sauti inapimwa mara elfu ngapi kwa sekunde, maana muziki mwingi unarekodiwa kwa 44.1 na kazi za video zinatumia 48, na ni vizuri kila mtu ajue mwenzake yuko wapi. Na ujue kwamba kompyuta yao na kinasa chako kila kimoja kina saa yake ya ndani, na saa hizo hazilingani kabisa. Kwenye kipande cha dakika mbili huoni kitu. Ukiacha mitambo iende saa nzima, kufikia mwisho fimbo inagusa ngozi na mlio unakuja baadaye kidogo, na mtazamaji anahisi kuna kitu hakiko sawa bila kujua ni nini. Piga kofi mbele ya kamera mwanzo wa kila teki na mwisho wake. Kofi tu, la mikono. Ni bure.

Kosa lililonitesa kuliko yote lilihusu namba.

Bendi hii ilirekodi dramu, besi na gitaa kwa pamoja, chumba kimoja, bila mlio wa kuhesabia mapigo kwenye hedifoni. Walitaka wimbo ukimbie pale wanapopandwa na mori na upumue pale wanapochoka. Ni uamuzi mzuri. Ila maana yake ni kwamba hakuna teki mbili zenye kasi moja. Mimi nilipiga picha nikiamini wimbo ni wimbo: leo nitapata mikono, kesho nyuso, kisha nitavitandaza vyote juu ya sauti ya albamu. Kumbe wimbo wa nne kwenye albamu ni mwanzo wa teki ya nne ulioungwa na mwisho wa teki ya sita. Picha yangu nzuri kuliko zote, ambapo mpiga dramu fimbo inamvunjikia mkononi naye anachomoa nyingine bila kupoteza pigo, ni ya teki ya pili. Teki ya pili haimo kwenye albamu. Ukiiweka juu ya sauti iliyotoka, mikono yake inapiga pasipo na mlio.

Nilipoteza wiki tatu nikijaribu kulazimisha. Unaharakisha picha kidogo, unakata, unaficha mkono nyuma ya uso wa mtu mwingine. Mpiga muziki yeyote anagundua papo hapo. Mwishowe nilimpigia mzee simu nikamwomba teki zote za nyimbo tano, zile zilizotupwa pia. Alikuwa nazo, kwa bahati. Wapo wanaofuta kupata nafasi. Tangu siku hiyo nina daftari: tarehe, wimbo, namba ya teki, kadi ipi, na neno moja la kilichotokea. Namba ya teki itamkwe kwa sauti, kamera ikiwa inarekodi. Na siku ya mwisho ya studio, kabla watu hawajatawanyika, omba nakala ya teki zote na uandike zipi zimechaguliwa.

Siku ya saba ilikuwa ya sauti ya mwimbaji. Nani aliyeniambia hii ingekuwa siku ya kuchosha? Mwimbaji anaingia peke yake, hedifoni kichwani, muziki wote uko masikioni mwake. Ukiwa naye mle ndani husikii bendi. Unasikia mtu anavuta pumzi, anameza mate, kisigino kinagonga zulia, kisha ghafla anapiga ukelele: "Bado!" Kimya cha sekunde nne. "Bado!" Kimya. Kwa mbali, kutoka kwenye hedifoni, kijisauti kama cha mdudu kwenye kopo: ndiyo bendi nzima hiyo. Mara ya kwanza nilibana kicheko. Kufikia mara ya ishirini mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka na macho yamelowa, na sikuwa na hamu tena ya kucheka. Kwenye filamu niliiacha hivyo, sauti tupu, dakika moja na nusu bila gitaa. Wawili kati ya watu niliowaonyesha rasimu walidhani sauti imekatika kwa bahati mbaya. Niliiacha vilevile.

Sasa yale ya siku ya nane.

Mpiga dramu na mpiga gitaa walibaki chumba cha kupigia, wengine wametoka kupumzika. Mimi na mzee tulikuwa chumba cha mitambo, kioo katikati. Maiki zote za dramu zilikuwa wazi. Wakaanza kuzungumza kwa sauti ya chini, na sisi tukawa tunawasikia kwenye spika kubwa, kana kwamba wamekaa katikati yetu. Dada yule alikuwa anamwambia mwenzake kwamba albamu ikiisha anaondoka, na kwa nini. Sababu zilikuwa za nyumbani kwake. Kinasa changu kilikuwa kinaenda, kamera ilikuwa inamtazama mzee. Sikuzima.

Nilijua kabisa wengine wamewahi kufanya hivyo. Januari 1969, Beatles walipokuwa wanapigwa picha wakiandaa nyimbo, mwongozaji aliwahi kuficha maiki kwenye chungu cha maua kunasa mazungumzo ya Lennon na McCartney. Zaidi ya miaka hamsini baadaye dunia nzima iliyasikia. Peter Jackson, mwongozaji mwingine aliyezifanyia kazi saa zile 60 hivi za picha na 150 za sauti, amesimulia kwamba wenyewe walipotaka faragha walikuwa wanapigapiga gitaa juu ya maneno yao, na teknolojia ya leo ikaliondoa gitaa likabaki neno. Wakati ule nilijiambia kwamba hiyo ni historia, na historia inahitaji mtu wa kutozima kinasa.

Miezi mitano baadaye nikamwonyesha dada kipande hicho. Alikuwa amesaini fomu ya ridhaa, kama wote. Alitazama hadi mwisho, akavua hedifoni taratibu.

"Dada, mimi nilisaini kupigwa picha. Sikusaini kusikilizwa ukutani."

Hatukuzungumza kwa mwezi mmoja na zaidi. Nilikuwa na karatasi, nilikuwa na haki kisheria, na nilikuwa na wasiwasi kwamba bila kipande kile filamu haina moyo. Nikakirudia tena na tena, na siku moja, kwa kuwa sasa nilikuwa naogopa kusikiliza maneno, nikazima sauti. Ndipo nikaona nilichokuwa nimepiga picha. Mzee anasikia sentensi ya kwanza. Anafumba macho. Kisha, bila haraka, mkono wake unatambaa juu ya meza ya mitambo, kidole kimoja kinakuta kitufe cha sauti ya spika na kuishusha mpaka chini kabisa, naye anabaki anatazama kioo. Mimi niliendelea kusikia kwenye hedifoni zangu. Yeye alizima.

Maneno yote nikayaondoa. Mkono wa mzee ukabaki. Dada alikubali.

Fomu za ridhaa sasa naziandika upya: zinataja maiki zilizo wazi, na zinampa mhusika nafasi ya kutazama kipande cha faragha kabla hakijafungwa. Kuna watengenezaji watakaokwambia ukimpa mtu nafasi hiyo umeuza filamu. Huenda. Mimi nalala usingizi.

Haki za muziki nazo zilinitoa jasho, na hapa nitakuwa mfupi kwa kuwa ni jambo la kumwona mwanasheria. Kila wimbo una haki mbili: ya aliyeutunga na ya anayemiliki rekodi. Kwa filamu unazihitaji zote mbili, kwa maandishi. Bendi ilikuwa inamiliki rekodi yake, nikadhani nimemaliza. Kumbe nyimbo mbili zilitungwa pamoja na mpiga besi wa zamani aliyeondoka kwa ugomvi. Saini yake ilichukua miezi minne, na niliipata baada ya kumpigia mwenyewe badala ya kuwatuma wenzake waliogombana naye. Halafu walirekodi wimbo mmoja wa watu wengine. Kwa albamu, nchi nyingi zina utaratibu unaojulikana wa kulipia. Kwa picha, mwenye wimbo anaweza kukutajia bei yoyote au kukataa kabisa. Alikataa. Dakika sita nzuri zikaenda na maji. Waulize bendi kabla ya siku ya kwanza: upi si wenu, na nani mwingine alishika kalamu?

Fedha. Kamera haikunimaliza, kilichonimaliza ni kuhifadhi. Kwa kiwango nilichotumia, megabiti 100 kwa sekunde, saa moja ya picha inakula gigabaiti 45. Nilikuwa na saa 86, yaani karibu terabaiti 4, na unahitaji nakala tatu, moja ikae nyumba nyingine. Siku ya tano diski moja ilianza kutoa mlio kama wa kucha kwenye meza, na kufikia jioni haikusoma tena. Nakala ilikuwepo. Kama isingekuwepo nisingekuwa naandika haya. Gharama ya pili kwa ukubwa, ambayo sikuiwekea hata senti kwenye bajeti, ilikuwa fundi wa kunichanganyia sauti ya filamu. Muziki uliomiksiwa kwa ajili ya albamu umejaa mpaka ukingoni, na mtu akiongea juu yake hasikiki.

Filamu ilitoka na dakika 71. Albamu ni dakika 26. Siku niliyoikabidhi kwa waliokuwa wanaisubiri, jioni yake nikawaita wote wanne na mzee waitazame. Walicheka mahali ambapo sikutegemea, na kwenye mkono wa mzee hakuna aliyepumua. Mzee mwenyewe aliitazama nusu ya filamu akiwa amefumba macho.

Ulipofika wimbo wa tisa, dada alikuwa anapiga magoti yake kwa vidole. Akasita. Akanigeukia gizani.

"Hii picha ni teki ya tatu."

"Ya tano," nikamwambia. "Nimeandika."

"Ya tatu. Kwenye ya tano niliingia na mkono wa kushoto."

Nikatoa simu nikaangaza daftari. Wimbo wa tisa, kadi ya 22, na pembeni namba niliyoiandika kwa haraka, ambayo ukiinamisha daftari kidogo unaweza kuisoma tano.